Kidonge cha Kupandia

Kila asubuhi, kabla hajafunga kamba za viatu vyake vya kazi, Mama Juu alimeza kidonge. Kimoja, cheupe, kidogo kuliko punje ya mahindi, kwa funda moja tu la maji, maana funda la pili lingekuja kumdai saa nne. Kisha alipanda ngazi yenye vipago mia moja na themanini hadi kwenye kibanda cha kioo cha kreni, akakaa humo mpaka saa sita mchana. Akishuka alikula, akameza kingine, akapanda tena. Aliishi hivyo miaka tisa, na ukimwuliza hali, atakwambia yu buheri wa afya.

Usimcheke. Wewe ambaye choo kiko hatua kumi kutoka kwenye meza yako hujui anachokijua dereva wa kreni. Wanaume wa kazi ile hupanda na chupa tupu, mambo yakaisha. Yeye ni mwanamke, tena kibanda chenyewe ni kioo pande zote nne. Mwaka wake wa pili wa udereva tumbo lilimchafuka huko juu, nondo zikiwa zimening'inia hewani, ikabidi ashuke mbio huku mafundi arobaini wakisubiri na msimamizi akiwatangazia kwenye redio za mkononi kwamba dereva amekwenda kupokea wageni. Alicheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alilia hadi macho yakavimba.

Dereva mzee aliyemfundisha kazi ndiye aliyempa dawa ya aibu ile. Alimwambia aende duka la dawa aombe vidonge vya kufunga tumbo, vile vya mtu anayeharisha, ameze kabla ya kupanda. "Sisi wote ndivyo tulivyodumu," alisema. Mwenye duka la dawa hakuuliza swali hata moja. Miaka yote tisa alimfungia pakiti kama anayeuza karanga, na hilo mimi sijamsamehe mpaka leo.

Vidonge vilifanya kazi. Mama Juu akawa dereva asiyeshuka, na jina ndipo lilipotoka. Miaka ilivyokwenda, tumbo likaanza vituko vyake. Asubuhi lilikuwa bapa, ikifika saa tisa alasiri limejaa gesi, suruali haifungi, na wapiga plasta wakawa wanamwuliza kama kitinda mimba yuko njiani. Alijibu kwamba baba wa mtoto ni mmoja wao, ajitokeze. Watu wakavunjika mbavu. Alikuwa anapungua mwili huku tumbo likiongezeka, alichoka kabla ya siku kuanza, na chakula chochote kilimkaa kifuani kama deni. Alisema ni umri. Miaka hamsini na mmoja si mchezo, alisema.

Halafu ikaja ganzi. Ilianzia kwenye vidole vya miguu. Siku moja aliingia nyumbani, binti yake akamtazama miguuni akauliza, "Mama, ndara nyingine iko wapi?" Akaangalia chini. Mguu mmoja una ndara, mwingine mtupu, umejaa vumbi. Ilikuwa imemvuka mahali fulani njiani, naye alitembea peku umbali wote huo bila kujua. Alicheka, akasema akili zake ziko kazini. Wiki chache baadaye ganzi ilikuwa imefika viganjani.

Kreni ile ilikuwa ya zamani. Mkono wa kupandisha na kushusha mzigo ulikaa upande wa kulia wa kiti, na ulikuwa na vituo vitano. Ukiuvuta, kila kituo kilikupa kigongo kidogo kiganjani. Kigongo kimoja, mzigo unashuka taratibu. Vitatu, unashuka kwa kasi. Dereva haangalii mkono wake, anaangalia mzigo, kiganja ndicho kinachohesabu. Mama Juu alikuwa ameanza kuuangalia mkono.

Na mtu aliyesimama chini ya mizigo yake, akimwonyesha kwa ishara pa kushushia, alikuwa mkwewe. Walimwita Kidole, kwa sababu alipiga ishara kwa kidole kimoja tu, hana haja ya kupunga mikono kama anafukuza ndege. Mama Juu ndiye aliyemwombea kazi pale, kabla hajamwoa binti yake. Sasa walikuwa na mtoto wa miezi minne. Kazini mama mkwe na mkwe waliongea kwa redio siku nzima, shusha, simama, kushoto kidogo, na zaidi ya hapo ilikuwa shikamoo na marahaba. Mambo ya tumbo, gesi na choo mtu haongei na mkwewe. Angekufa kwanza.

Alikwenda kwa daktari kwa sababu binti yake alimburuta. Daktari wa matumbo alikuwa mwanamke, umri wa binti yake huyo, ana kikohozi kidogo cha mtu anayeongea sana. Alimwuliza dawa anazotumia, Mama Juu akavitaja vidonge na miaka yake tisa, hakutaja sababu yake. Alimpa kipimo ambacho Mama Juu hakuwahi kukisikia. Siku moja kabla alitakiwa kula wali mtupu na kuku wa kuchemsha bila kiungo chochote. Asubuhi akanywa kikombe cha maji ya sukari maalumu, na kila baada ya dakika ishirini akapuliza pumzi kwenye mrija, kwa saa tatu. Akatolewa damu pia. Katikati ya kupuliza aliuliza kama wanatafuta pombe.

Jumatano alirudi kuchukua majibu. Daktari alichora mchoro kwenye karatasi, mstari mrefu uliojikunja.

"Huu ni utumbo mwembamba, mama. Ndipo chakula kinapofyonzwa. Bakteria wamo, lakini ni wachache. Makazi yao hasa ni huku chini, kwenye utumbo mpana, na huko wanatufaa. Sasa, utumbo mwembamba una tabia ya kujifagia. Ukiwa hujala, kila saa moja na nusu hivi, unajikamua kutoka juu mpaka chini, unasukuma mabaki na bakteria waende zao. Unanielewa?"

"Nakuelewa, daktari."

"Vidonge unavyomeza vinaulaza huo utumbo. Miaka tisa hujaufagia vizuri. Bakteria wamepanda juu, wamezaliana, wamehamia kabisa. Ukila, wao wanakula kwanza. Sukari ile uliyokunywa waliivamia mapema mno, gesi yao ndiyo tuliyoipima kwenye pumzi yako. Ndiyo inayokujaza tumbo."

"Basi nipe dawa ya gesi."

Daktari hakutabasamu. "Gesi ni jambo dogo. Wanakula pia vitamini B12 kabla hujaipata wewe. Damu yako karibu haina. Bila hiyo, neva zinaharibika. Hiyo ganzi ya miguu na mikono inatoka huko." Akaweka kalamu chini. "Nakupa dawa ya kuwapunguza bakteria, wiki mbili. Sindano za vitamini tunaanza leo. Vile vidonge usiviguse tena. Neva zinaweza kurudi, taratibu, miezi, pengine zisirudi zote. Unafanya kazi gani, mama?"

Hapo ndipo Mama Juu alipokosea, na alijua anakosea. Alijua kwamba akisema, karatasi itaandikwa, na dereva asiyesikia mkono wake huondolewa kibandani siku hiyohiyo. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti, ndiyo jina lake, ndiyo yeye mwenyewe. Jengo lilikuwa limebakiza wiki moja kukamilika.

"Kazi ya kukaa tu," alisema.

Na kweli alikuwa anakaa.

Kesho yake, Alhamisi, kulikuwa na jenereta ya kupandisha. Tani tatu za chuma, zitue juu ya paa, kwenye nafasi finyu kati ya kuta mbili, matundu manne ya miguu yake yakiwa juu ya boliti nne. Kazi kama hiyo inaweza kula saa tatu bila kupumua. Mama Juu alisimama jikoni na dawa ya daktari mkono mmoja, kidonge chake cheupe mkono wa pili. Akameza vyote viwili. Waende wakazozane wenyewe tumboni kama wake wenza, alijiambia, leo tu, kesho naacha.

Kupanda hakukumpa shida sana, kwa sababu ukipanda unaviona vipago usoni. Alijifunga mkanda wa kiti, akafungua redio. Jenereta iliinuka vizuri. Kuinua mzigo si kazi kubwa. Aliizungusha juu ya jengo, ikatulia kwenye mnyororo wake juu ya paa kama mita sita. Pale chini aliwaona watu watatu wenye kofia za njano. Kidole alikuwa katikati, mwenzake mmoja kila upande.

"Shusha, mama," redio ikasema. "Kituo cha kwanza."

"Nashusha."

Akavuta. Alingoja kigongo kiganjani, hakikuja, akavuta kidogo zaidi, akautupia jicho mkono wa chuma, akaona uko kituo cha kwanza. Akarudisha jicho kwenye mzigo. Ulikuwa unashuka sawasawa. Jasho lilimtiririka mgongoni wakati upepo wa dirishani ulikuwa baridi. Tumbo lilikuwa limeshaanza kujaa, mkanda unambana. Mita tano. Nne.

"Endelea, mama. Hivyohivyo."

Mita tatu na nusu, kofia mbili za pembeni zimeshasogea ukutani. Ghafla mlio wa mota ukabadilika. Aliujua mlio ule, ulikuwa wa kituo cha tatu. Chini, kidole kimoja kiliinuka juu. Simama.

Akarudisha mkono mbele hadi mwisho. Alikuwa na hakika kabisa ameurudisha. Jenereta ikaendelea kushuka.

Akaangalia chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza, umelala juu ya paja lake, umekunjwa ngumi kana kwamba umeshika kitu. Haukuwa umeshika kitu. Mkono wa chuma ulikuwa peke yake, kwenye kituo cha tatu.

Kitufe chekundu kilikuwa upande wa kushoto. Hakukiamini kidole, alikipiga kwa kiwiko. Breki zikakaba, kreni nzima ikayumba, kibanda kikatikisika hadi meno yakagongana. Jenereta iliruka kwenye mnyororo, ikashuka, ikaruka tena kidogo, ikatulia. Ilikuwa juu ya paa kwa kimo cha mtu na shubiri moja.

Mtu huyo alikuwa pale. Kidole alikuwa ameinama chini ya chuma, kiganja chake kimekigusa kwa chini kama anayezuia mlango. Wale wengine wawili walikuwa mbali, wamejibana ukutani. 

Redio ikakoroma. Kisha sauti ya msimamizi kutoka chini kabisa. "Mama Juu, kuna nini huko?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Upepo. Breki za zamani. Kreni yenyewe chakavu, kila mtu anajua, wangeamini wote na wangempa pole. Kabla hajabonyeza, Kidole aliongea, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni upepo, bosi. Tuendelee, mama?"

Alikuwa anamsitiri. Amesimama chini ya tani tatu na anamsitiri.

"Mwanangu," Mama Juu alisema kwenye redio, "toka hapo chini."

"Mama, imebaki kidogo tu."

"Nimesema toka."

Akatoka. Alipomwona amefika ukutani, Mama Juu alibonyeza tena, na alibonyeza kwa mkono wa kushoto huku akikitazama kidole gumba chake ili ajue kweli kimebonyeza.

"Msimamizi. Wote mnaonisikia. Hakuna upepo. Mkono wangu wa kulia hausikii kitu, na miguu pia. Hii kreni siigusi tena."

"Hausikii kivipi?"

Mafundi arobaini walikuwa kwenye masafa yale. Mkwewe alikuwa na redio kifuani. Mama Juu alifumba macho, akayasema, kwa sababu alijua akibakiza nusu watamwambia amalizie mzigo.

"Miaka tisa nameza vidonge vya kufunga choo ili nisishuke chooni. Utumbo umelala, bakteria wamejaa pasipo pao, wananilia vitamini, neva zimeharibika. Daktari aliniambia jana. Nikapanda hivyohivyo. Tafuteni dereva mwingine amalizie."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Kilichokuja ni sauti ya msimamizi, polepole, ikimwuliza kama anaweza kushuka mwenyewe.

Akasema anaweza. Akafungua mkanda, akatoka kibandani kinyumenyume, akashika vyuma vya ngazi na kupeleka mguu chini. Ukishuka huoni unapokanyaga. Kwa wiki kadhaa alikuwa akishuka kwa kupigisha kisigino mpaka chuma kilie ndipo akanyage. Leo alifanya vivyo hivyo. Alipigisha, akasikia mlio, akakanyaga, hapakuwa na kitu. Aliangukia mikono yake, akabaki amening'inia, kifua kimebanwa kwenye ngazi, kofia ikigonga chuma. Alipata kipago kwa goti. Hakuthubutu kujaribu tena. Alikumbatia ngazi mita hamsini juu ya ardhi, akajiambia kwamba hivi ndivyo anavyokufa, kwa ujinga wake, baada ya kusema ukweli, na hilo lilimkera kuliko kufa kwenyewe.

Hakujua ni muda gani ulipita kabla ya kusikia viatu chini yake vikipanda kwa haraka, na pumzi za mtu aliyekimbia ngazi za jengo zima.

"Niko hapa, mama," Kidole alisema. "Usisogee."

Alifunga kamba ya usalama ya mama mkwe wake kwenye chuma, akaijaribu kwa kuivuta. Kisha akashika kiatu cha kulia cha mama mkwe kwa mikono miwili, akakishusha mpaka kwenye kipago, akakibonyeza pale. "Hapo. Weka uzito." Akaweka. "Sasa kushoto." Walikwenda hivyo, kipago baada ya kipago, yeye akisogeza kamba, akisogeza mguu, mpaka wakafika kwenye jukwaa dogo la kwanza la kupumzikia. Mama Juu alikaa, mgongo kwenye mlingoti. Alikuwa anahema. Kidole alisimama kwenye ngazi, uso wake sawa na magoti ya mkwewe, akitazama pembeni kwa adabu.

"Wale wenzako wawili," Mama Juu alisema. "Walikuwa ukutani kabla ya mzigo kuchomoka. Niliwaona. Nani aliwaweka kule?"

Kidole alikaza fundo la kamba.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

Kidole alifuta jasho puani kwa bega. "Mizigo imekuwa ikitua vibaya. Mwezi na nusu sasa. Nikiona imekaribia, nawatoa. Mmoja lazima abaki kuiongoza."

"Ukabaki wewe."

"Kazi ni yangu, mama."

"Na hukusema. Kwa msimamizi, kwa mke wako, kwangu. Mwezi na nusu."

Hapo ndipo Kidole alipomtazama, mara moja, kisha akainamisha macho tena. "Ningeanzaje?" alisema. "Ningemwambia nini mama mkwe wangu? Kwamba mkono wake umeharibika?"

Mama Juu alijikuta anahesabu.  Matofali ya ghorofa ya nane. Vipande vya ngazi za zege. Mabomba. Kila siku ya kazi, mara ishirini, thelathini, alimshushia mume wa binti yake chuma juu ya kichwa kwa mkono mfu, na mtoto huyu alikuwa anawasogeza wengine na kubaki, kisha jioni anamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba, wote wawili wakijiona wana heshima. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka kumwangukia miguuni. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi ya kushika.

"Binti yangu angebaki mjane," alisema, "kwa sababu mimi naona haya kwenda chooni."

"Mama, tushuke."

"Leo jioni utamwambia yote. Na mimi nikiwepo."

"Sawa, mama."

"Na siku nyingine ukiona nakuua, useme."

"Nitasema."

Alipangusa pua kwa kiwiko, akageuka, akashika vyuma vya ngazi. Chini, watu walikuwa wamekusanyika, nyuso zote zimeelekezwa juu. Vilikuwa vimebaki vipago zaidi ya mia.

"Kulia kwanza," Kidole alisema.

Safari hii Mama Juu aliinama kidogo apate kuona. Aliona mkono wa mkwewe umeshika kifundo cha mguu wake, umekaza mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe, ukiuteremsha taratibu. Aliuona tu. Hakuusikia hata kidogo. Akaweka uzito.